Umeweka insulesheni ukutani, sasa unyevu umeingia: tafuta dalili yako hapa

Kila ikifika Novemba simu zinaanza. Mtu anakwambia fundi, tuliweka insulesheni mwaka jana, zile bodi za ukutani za kuzuia joto lisitoke, bili ya gesi imeshuka kweli kweli, lakini sasa chumba cha watoto kinanuka na kwenye pembe kuna kitu cheusi. Mimi ni fundi lipu, kazi nimejifunzia Tanga na sasa naifanyia huku Leicester, Uingereza, na nyumba ninazoitwa karibu zote ni zilezile, teresi za zamani za tofali, yaani nyumba zilizoungana kwa safu, ukuta mzima usio na uwazi katikati. Malalamiko yanajirudia mpaka nimeona niyaandike yote sehemu moja, dalili kwa dalili, ili mtu aangalie ya kwake kabla hajatoa hela.

Hakikisha kwanza ukuta wako ni wa aina hii. Nyumba nyingi za Uingereza zilizojengwa kabla ya miaka ya 1920 ndo hivyo. Pima unene pale mlangoni au dirishani, ukikuta chini ya sentimita 26 na ni tofali, huo ni ukuta mzima. Au toka nje utazame tofali zilivyopangwa, kama kwenye mstari mmoja kuna ndefu afu fupi afu ndefu, yale mafupi ni vichwa vya tofali zilizopita mpaka ndani, ni ukuta mzima huo. Kama zote ni ndefu tupu mara nyingi kuna uwazi ndani na mambo yake ni mengine kabisa, haya ya hapa hayakuhusu sana.

Sasa shika hii kitu moja maana ndo inabeba mengine yote. Ukuta wa zamani unalowa na unakauka, ndo maisha yake. Mvua inaingia kidogo kwenye tofali, upepo wa nje na joto la ndani vinaitoa, na chokaa iliyojengea inaruhusu maji kupita. Waliokulia Mji Mkongwe Unguja au Lamu wanalijua hili, ukipiga simenti juu ya ukuta wa mawe na chokaa haikai, chumvi inachomoza na lipu inabanduka kwasababu maji yamekosa njia. Ukiweka insulesheni kwa ndani umeunyima ukuta joto la hita, kwahiyo tofali linakuwa la baridi kuliko zamani na linakauka polepole. Afu hewa ya ndani yenye mvuke wa mapishi, wa kuoga, wa nguo zilizoanikwa kwenye rediata, ikipata tundu la kupita nyuma ya bodi inakutana na lile tofali la baridi na inageuka maji hapohapo. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 inaanza kutoa maji ikigusa kitu cha nyuzi 12. Na ukungu wala hausubiri maji, kwa hewa hiyohiyo sehemu yenye nyuzi 15 tu inautosha kuota.

Vitu vya kuwa navyo: haigromita ya kidijitali (kifaa cha kupima unyevu wa hewa), paundi 10 hivi unapata, tochi, karatasi ya foili ya jikoni na selotepu, karatasi ya choo. Na subira ya kungoja siku ya mvua, maana kuna vitu havionekani siku ya jua.

Ukungu mweusi kwenye pembe, pembeni mwa dirisha, nyuma ya kabati

Hii ndo namba moja, kati ya simu kumi saba ni hii.

Sababu ya kwanza kabisa ni hewa. Nyumba ya zamani ilikuwa inavuja upepo kila mahali, ukaja ukaiziba, bodi, madirisha mapya, milango mipya, na hukuipa njia nyingine ya kupumua. Familia ya watu wanne kwa kupika, kuoga, kufua na kupumua tu inamwaga lita kama kumi za maji hewani kwa siku, hayo maji lazima yaende mahali. Angalia haigromita asubuhi chumbani kabla hujafungua dirisha. Ikikaa juu ya asilimia 65 siku baada ya siku wakati wa baridi, umeshapata jibu. Afu washa feni ya bafuni na ubandike kipande cha karatasi ya choo kwenye uso wake, kikidondoka hiyo feni inapiga kelele tu haivuti. Nimezifungua nyingi nikakuta bomba lake limechomoka darini linamwaga mvuke hukohuko juu ya mbao za paa, au vumbi limejaa mpaka pangaboi halizunguki. Kanuni za ujenzi za England zinataka feni ya bafuni ivute lita 15 kwa sekunde, ya jikoni 30 ikiwa juu ya jiko na 60 ikiwa kwingine, na mlango wa ndani uwe na nafasi ya milimita 10 chini ili hewa ipite. Kapeti jipya mara nyingi linaiziba hiyo nafasi na hamna anayekumbuka. Vile vitundu vya juu ya fremu ya dirisha pia viachwe wazi, najua vinaleta baridi, lakini ndo pua ya chumba.

Sababu ya pili ni insulesheni iliyoishia njiani. Fundi kavalisha ukuta mzima mpaka ukingo wa dirisha, afu pale dirisha linapoingia ndani, ule upana wa ukuta unaorudi kwenye fremu, kaacha lipu tupu. Sasa ukuta wote una joto isipokuwa ile kamba ya sentimita kumi, mvuke wote wa chumba unakimbilia hapo. Weka kiganja ukutani asubuhi ya baridi, afu kisogeze taratibu mpaka kwenye ukingo wa dirisha, utaisikia baridi inavyoanza ghafla kama umegusa chuma. Dawa yake ni bodi nyembamba ya milimita 10 mpaka 20 kwenye hizo kingo zote, juu, pembeni na chini ya kizingiti. Pale ukuta unaposhikana na wa jirani, insulesheni ikunje kidogo kuingia kwenye huo ukuta wa katikati, isiishie kwenye pembe.

Sababu ya tatu ni vyombo. Kabati la nguo limesukumwa mpaka limegusa ukuta wa nje, nyuma yake hamna hewa. Mama mmoja aliniita akidhani bomba limepasuka, tukavuta kabati tukakuta koti la shule la mtoto limeota manyoya ya kijani mgongoni, upande uliogusa mbao, na upande wa mbele ni zima kabisa. Acha sentimita 5 mpaka 10, na kama inawezekana hamishia kabati kwenye ukuta wa ndani.

Kusafisha: kama eneo ni chini ya mita moja ya mraba unaweza mwenyewe, glavu, barakoa, dirisha wazi, mlango wa chumba umefungwa, dawa ya kuua ukungu, futa kwa kitambaa cha kutupa. Usisugue kwa brashi kavu, unawarushia watoto vumbi lake. Jiki usichanganye na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, gesi inayotoka inaua. Kama ni zaidi ya mita moja ya mraba, au kuna mtu ana pumu au mtoto mchanga ndani, ita watu wa kazi hiyo. Na usipake rangi juu ya ukungu, hata ile inayoandikwa ya kuzuia ukungu, itarudi baada ya miezi miwili.

Doa linalotokea au kukua baada ya mvua

Hapa swali ni moja, mvua inapita wapi. Kama doa linakuja siku moja au mbili baada ya mvua na linafifia kukikauka, achana na mambo ya mvuke, hayo ni maji ya nje.

Anza na gata, ule mfereji wa maji ya paa. Vaa koti, toka nje mvua ikinyesha kwa nguvu, simama utazame. Gata iliyojaa majani inamwaga maji nyuma yake yanatambaa ukutani, na bomba la kushusha maji likiwa la chuma cha zamani mara nyingi limepasuka upande wa nyuma usiouona, pitisha mkono. Nimeona ukuta wa ghorofa mbili umelowa wote kwasababu ya mche mmoja ulioota kwenye kiungo cha gata. Hii ni kazi ya paundi chache na mtu kapigiwa hesabu ya maelfu.

Afu kizingiti cha dirisha kwa nje. Chini yake kuna kamfereji kadogo kakukata maji ili yadondoke yasitambae kurudi ukutani, kakiwa kamejaa rangi miaka yote hiyo maji yanarudi ndani. Kachimbue kwa bisibisi, basi.

Afu viungo vya tofali. Viungo vilivyolika vinaingiza maji, lakini kibaya zaidi ni vilivyojazwa upya kwa simenti ngumu. Simenti inapasuka nyufa nyembamba kama unywele, maji yanaingia kwa ufa hayatoki, na baridi ya kuganda ikija uso wa tofali unameguka, utaona vipande vyekundu chini ukutani. Nyumba ya chokaa ijaziwe chokaa. Na zile rangi na dawa za kupaka nje eti ukuta usinyonye maji, mimi sishauri mtu apake kuficha tatizo, ukipaka kwenye ukuta wenye nyufa umefungia maji ndani. Ziba nyufa, rekebisha viungo, acha ukauke, ndo ujadili hayo mengine.

Sasa kama uliweka insulesheni ya ndani kwenye ukuta unaopigwa na mvua ya upepo, hasa kule magharibi, Wales, Cumbria, Cornwall, ukuta unaweza kuwa unalowa kuliko unavyoweza kukauka. Huyo anahitaji mtaalamu wa kupima, asiongeze unene wa bodi.

Kwa insulesheni ya nje angalia pale juu inapokutana na paa. Ukuta umenenepa sentimita kumi, paa lile lile halikurefushwa, kwahiyo ule mdomo wa juu umekingwa na silikoni tu. Silikoni ikichoka maji yanashuka moja kwa moja nyuma ya bodi na huyaoni mpaka yatokee sebuleni. Vizingiti vifupi, mabomba yaliyofungwa juu ya lipu bila kuziba tundu la skrubu, hayo yote ni milango ya maji. Hali ni mbaya kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2025 National Audit Office, wakaguzi wa matumizi ya serikali, ilitoa ripoti kuhusu insulesheni za kuta zilizowekwa kwa mipango ya serikali, ikakadiria kwamba za nje asilimia 98 zina kasoro kubwa za kurekebishwa, na za ndani asilimia 29. Kwahiyo kama ulifanyiwa bure usione haya kulalamika, huombi hisani. Tafuta makaratasi yako, jina la aliyeweka, dhamana, piga picha zenye tarehe, na fuatilia kwa maandishi, simu zinasahaulika.

Unyevu wa chini, skating (ubao wa chini ukutani) imeoza, chumvi nyeupe, hauvuki mita moja

Watu wengi wakiona hivi wanaambiwa maji yanapanda kutoka ardhini na wanauziwa sindano za dawa ukutani. Inatokea kweli maji kupanda, lakini kwa niliyoyaona mimi ni sababu ya mwisho, sio ya kwanza.

Toka nje uangalie usawa wa ardhi. DPC, ile tabaka ya slati au lami kwenye mstari wa chini wa tofali inayozuia maji ya ardhini yasipande, inatakiwa iwe angalau milimita 150 juu ya ardhi. Miaka inapita watu wanaongeza zege, wanapanga pevingi, wanarundika udongo wa bustani, mwisho ardhi imeipita DPC na maji yanairuka kama mtu anayeruka ukuta kwa ngazi. Lipu ya nje iliyoshushwa mpaka chini inafanya hivyohivyo, na insulesheni ya nje iliyozamishwa ardhini pia. Chimba, shusha ardhi, kata lipu juu ya DPC, ndo dawa yenyewe.

Pili, matofali yenye matundu yaliyo chini ukutani. Hayo yanapeleka hewa chini ya sakafu ya mbao. Fundi wa insulesheni ya nje akiyafunika bila kuyarefusha, au wewe ukayaziba kuzuia baridi, mbao za chini zinaanza kuoza kimya kimya. Yahesabu, mbele na nyuma, na upitishe tochi uone kama yako wazi.

Tatu, bomba linalovuja, la hita au la maji. Funga kila bomba ndani ya nyumba, soma mita ya maji, rudi baada ya saa moja bila mtu kutumia choo. Ikisogea kuna mahali panavuja.

Jaribio la foili linasaidia hapa kama ukuta ni lipu tupu, bila bodi. Kausha uso kwa taulo, bandika kipande cha foili, ziba kingo zote nne kwa selotepu, acha siku mbili. Maji yakiwa juu ya foili upande wa chumba ni mvuke wa ndani. Yakiwa nyuma yake yanatoka ukutani.

Kile kimashine cha pini mbili wanachochomeka ukutani afu kinalia, usikubali kitoe hukumu peke yake. Kinapima umeme unavyopita, na chumvi ndani ya lipu ya zamani inakifanya kilie hata ukuta ukiwa mkavu. Anayekuja kupima bure huku anauza dawa ya sindano, mshukuru umwache aende. Mlipe mkaguzi huru wa majengo, mwenye usajili wa RICS, chama cha wakaguzi wa majengo, ambaye hana cha kukuuzia.

Harufu ya udongo au uyoga, na huoni kitu

Hii naomba usiidharau. Ukuta mbele ni mzuri, rangi safi, lakini ukiingia chumbani baada ya kutoka safari pananuka kama chini ya jiwe. Mara nyingi tatizo liko nyuma ya bodi.

Sababu ya kawaida ni bodi zilizobandikwa kwa mabonge ya gundi ukuta haukusawazishwa, kwahiyo nyuma kuna uwazi na hewa ya chumba inaingia kwa chini, kwa soketi, kwa pengo la sakafu, inazunguka nyuma, inaacha maji kwenye tofali. Ngoja siku ya upepo, lowesha mgongo wa mkono, pitisha karibu na soketi na juu ya skating. Ukisikia kaupepo, ndo njia yenyewe. Kuziba yale mapengo kwa silikoni kunapunguza, ila kama nyuma kumeshalowa umefungia unyevu, kwahiyo usizibe kabla hujajua kukoje huko nyuma.

La kutisha zaidi ni boriti za sakafu ya ghorofani ambazo vichwa vyake vimeingia ndani ya tofali la ukuta wa nje. Zamani hicho kichwa kilipata joto la chumba. Sasa kimeachwa kwenye baridi na unyevu. Inua ubao mmoja wa sakafu karibu na ukuta wa nje, mulika, chomeka bisibisi kwenye boriti pale inapoingia ukutani. Ubao mzima unagoma. Nimeshachomeka mahali bisibisi ikazama mpaka mpini kama kwenye embe bivu, na juu ya hiyo sakafu kulikuwa na kitanda cha ghorofa cha watoto.

Mbao yenye unyevu zaidi ya asilimia 20 iko kwenye hatari ya kuoza. Ukiona nyuzi nyeupe kama pamba zinatambaa, au vumbi la rangi ya kutu, acha hapohapo, toa watu na vitu vizito kwenye hicho chumba, ita mtaalamu. Usibomoe mwenyewe kutafuta mwisho wake.

Unyevu unaokuja kiangazi

Watu hawaamini lakini upo. Ukuta unaotazama kusini umelowa kwa mvua, afu jua linaupiga, mvuke unasukumwa kuelekea ndani na unakwama nyuma ya bodi yenye foili. Ndo maana kwenye ukuta mzima wa tofali mimi napenda bodi za nyuzi za mbao na lipu ya chokaa, zimegusana na ukuta pote bila uwazi, unyevu unaweza kurudi chumbani ukaisha. Na unene usiwe wa tamaa. Milimita 40 mpaka 60 za nyuzi za mbao hazifikii kile kiwango cha 0.30 kanuni zinacholenga (kipimo cha joto linalopotea ukutani, namba ndogo ndo bora), lakini kanuni zenyewe zinaruhusu kulegeza pale ambapo kufikia kunaleta hatari ya unyevu, ongea na bilding kontrol, wakaguzi wa ujenzi wa kaunsili, mapema. Ukivalisha zaidi ya nusu ya ukuta unatakiwa kuwaarifu hata hivyo.

Acha kazi, ita mtu, ukikuta haya

Bomba la moshi la boila au tundu la hewa la jiko la gesi limezibwa na insulesheni: zima, fungua madirisha, ita fundi gesi aliyesajiliwa Gas Safe siku hiyohiyo. Dari au ukuta wenye lipu ya mikunjo ya zamani kabla ya mwaka 2000, usikwangue, inaweza kuwa na asbesto, ipimwe kwanza. Waya za umeme zimelala ndani ya povu la insulesheni, au soketi yenye maji, ni kazi ya fundi umeme. Ufa unaopanuka, au ukuta umetuna, ni injinia wa majengo.

Na kama umepanga, hivi vyote vya kubomoa na kuchimba sio vyako. Mwandikie mwenye nyumba, na ukiambiwa tatizo ni ninyi mnavyoishi na mnavyopika, mpe namba za haigromita za wiki mbili pamoja na picha ya feni isiyovuta. Desemba 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki kule Rochdale, na uchunguzi wa kifo chake mwaka 2022 ukasema ni ukungu wa kwenye flati yao, na wazazi walikuwa wameshalalamika. Ndo ikaja sheria yenye jina lake, tangu tarehe 27 Oktoba 2025 wenye nyumba za kaunsili na za mashirika ya nyumba England wanatakiwa kushughulikia dharura ndani ya saa 24, na unyevu wenye hatari kubwa waje kuuchunguza ndani ya siku 10 za kazi. Kwa mwenye nyumba binafsi nenda kitengo cha afya ya mazingira cha kaunsili.

Kabla ya kurudishia

Umeshaziba maji na kutoa bodi, sasa usikimbilie kufunika. Mafundi tunahesabu inchi moja ya ukuta kwa mwezi kukauka, kwahiyo ukuta wa inchi 9 uliolowa sana unaweza kumaliza karibu mwaka. Hiyo ngumu kumwambia mtu mwenye sebule iliyobomolewa, naelewa. Lakini pitisha angalau kiangazi kizima ukuta ukiwa wazi, hita ya wastani, dirisha wazi mchana, lipu ya simenti imetolewa. Ukisharudishia, ile haigromita ibaki chumbani majira yote ya baridi ya kwanza, andika namba kila asubuhi kwenye karatasi mlangoni, na wiki ikipita yote iko juu ya 65 rudi kwenye feni kabla hujagusa ukuta.